Mwitikiaji wa Kaka Sila

Bartolomayo alifika chuoni siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimesimama mbele ya watoto wa darasa la kwanza wa shule ya mazoezi ya chuo nikiwafundisha hesabu ya kutoa. Ubaoni nilikuwa nimeandika saba kutoa tatu. Nilimwona kupitia mlangoni akivuka uwanja, nikafurahi, kwa sababu Bartolomayo ni mtu wa mzaha na kila akija kwetu Kongwa watu hucheka mpaka jioni. Kisha nikaona kuwa amevua kofia yake ya stesheni na kuishika mkononi. Jua lilikuwa kali sana, naye alikuwa ametembea juani siku mbili kutoka relini.

Hakuniita kwa jina la utani. Alisimama kizingitini akasema, "Yotham, njoo nje kidogo."

Nilitoka. Alinitazama miguuni, si usoni.

"Ni Sila," akasema.

"Sila ana nini?"

"Ilikuwa homa ya papasi. Alilala siku sita. Tumemzika Ijumaa jioni. Mzee akasema nije mimi mwenyewe, asitumwe mtu usiyemjua."

Nilirudi darasani. Mpaka leo sijui kwa nini. Nilichukua chaki, nikafuta ile saba na ile tatu, nikaandika nne, nikawaambia watoto, "Nakilini." Wakanakili. Ndipo nikatoka tena, nikaketi chini ukutani, na Bartolomayo akaketi kando yangu bila neno. Tangu nimfahamu, ile ndiyo saa ndefu kuliko zote aliyopata kunyamaza.

Walimu wenzake Sila wameniomba niandike habari za maisha yake, wapate kusomewa wanafunzi wapya. Nimekubali. Kaka yangu hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mwalimu wa shule moja ya miti na udongo pale Kizota, mwendo wa saa moja kutoka stesheni ya Dodoma, na aliifundisha mwaka mmoja na miezi miwili tu. Lakini namshukuru Mungu kwa ajili yake, na ninajua ninachoshukuru.

Sila alizaliwa Kizota mwaka ule ng'ombe walipokufa kwa sotoka. Baba yetu, mzee Matonya, alibaki na jike moja na kondoo wachache, na kutoka hao akafufua zizi. Kwa hiyo kwetu kuchunga hakukuwa kazi ya watoto tu. Baba alikuwa akituambia kwamba kila mnyama tunayemwona pale alitokana na mkono wa mtu aliyekataa kulala. Sila alianza kwenda malishoni kabla meno yake ya kwanza hayajang'oka.

Jambo lililompeleka chuoni ni barua. Mwaka reli ilipofika Dodoma, askari wa Wadachi, ndio Wajerumani waliotutawala, alileta karatasi kutoka boma, akampa baba, akaenda zake. Kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kuisoma. Baba akaichukua mpaka mjini kwa Mbaruku, mfanyabiashara ambaye babu yake alikuja Ugogo na misafara ya pembe. Mbaruku aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaigeuza.

"Mzee Matonya," akasema, "nikwambie kweli. Mimi nimesoma kwa herufi za Kiarabu. Hizi za Wadachi nazisoma kwa kubahatisha. Inasema mpeleke watu wa kazi ya barabara kumi, au muwapeleke kwa muda wa siku kumi. Moja katika hayo mawili."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea utachapwa wewe, si mimi. Mpeleke mwanao kwa wamisheni akasome."

Baba hakuwa Mkristo, na mpaka ninapoandika haya bado hajabatizwa. Lakini alimpeleka Sila kwenye chuo cha walimu kule Kongwa, kwa sharti moja. Alisema, "Nitachunga ng'ombe wako kwa mwaka mmoja na nusu. Kisha utakuja kusimama mbele yetu utuambie ulichokipata. Ukituambia nasi tukasikia, utarudi ukamalize, na mdogo wako atakufuata. Tusiposikia, fimbo yako nitaitundika pale ukutani ikungoje."

Mdogo wake ndiye mimi. Toka siku ile elimu yangu ilikuwa mdomoni mwa kaka yangu.

Sharti lile haliwezi kueleweka bila kujua desturi yetu moja. Kizota mtu akisimama kusema jambo zito, hasemi peke yake. Mmoja wa walioketi hujitwika kazi ya kumwitikia. Msemaji akimaliza kipande cha maneno hutua, na mwitikiaji husema, "Ee." Kama kipande hakikumwingia hafungui mdomo, na msemaji hurudi nyuma akaseme tena kwa njia nyingine. Maneno yasiyopata mwitikiaji wazee huyahesabu kuwa hayajasemwa, hata kama mtu amesema tangu asubuhi, naye huchukua fimbo yake akaketi.

Sila alikwenda nayo desturi hiyo mpaka kanisani. Jumapili yake ya kwanza chuoni, bwana mwalimu, yule Mzungu mkuu wa chuo, alihubiri habari za mchungaji aliyekuwa na kondoo mia, akapotelewa na mmoja, akamfuata mpaka akampata. Alihubiri kwa Kiswahili, polepole. Alipofika mahali mchungaji anapoita gizani na hasikii jibu, sauti yake ilikatika. Akatoa leso nyeupe mfukoni, akajifuta macho. Na Sila, aliyeketi benchi la nyuma na wageni wenzake, akaitika kwa sauti kubwa, "Ee!"

Kanisa zima likageuka. Jirani yake akamfinya paja.

"Nyamaza wewe! Unadhani uko barazani kwa baba yako?"

Jirani huyo alikuwa Bartolomayo, mwenyeji wa Mlali, wa mwaka wa pili. Ndivyo walivyojuana.

Daftari la Sila ninalo mezani ninapoandika. Siku ile aliandika: "Leo moyo wangu umewaka. Sikujua kwamba mtu anaweza kusema habari za kondoo hivi. Nataka nami siku moja niseme, na mtu wa kwetu akae asikie kama nilivyosikia leo." Kisha ameandika ukurasa mzima wa namna atakavyofundisha Kizota, na majina ya watoto atakaowaita shuleni, na mwishoni jina langu la nyumbani (humu naandika Yotham, la ubatizo), limepigiwa mistari miwili.

Mwaka mzima aliendelea hivyo. Alikuwa wa kwanza kuamka, wa kwanza kwenye sala. Bartolomayo alimwita "Mtume wa Kizota" na kumwomba amwombee apate nyama. Sila alicheka tu. Hakuwa mtu wa kukasirika upesi.

Mwaka wa pili wakaja wanafunzi wapya, na Jumapili yao ya kwanza bwana mwalimu akapanda mimbarini. Bartolomayo akamnong'oneza Sila, "Sasa ngoja leso."

"Leso gani?"

"Wewe ngoja."

Zikaja habari zile zile za kondoo mia, kwa maneno yale yale, neno kwa neno. Sila alikuwa ameketi mbele safari hii, akaona jambo ambalo hakuliona mwanzo: bwana mwalimu alikuwa anasoma karatasini. Mchungaji alipoita gizani bila kujibiwa, sauti ikakatika mahali palepale, na leso ikatoka.

"Mwaka wa tatu huu," Bartolomayo akasema. "Nadhani kwenye karatasi ameandika: hapa lia."

Siku hiyo Sila hakuandika ukurasa. Aliandika mstari mmoja: "Leso ilitoka mahali palepale." Kurasa zinazofuata ni za mtu mwingine. Ameandika kwamba mahubiri ni kazi kama useremala, kwamba anayejua kupanga maneno atawaliza watu hata kama yeye mwenyewe anawaza chakula. Ameandika kwamba alikuwa mjinga kuitika. Mahali pamoja ameandika kwamba Bartolomayo ndiye mtu pekee mkweli pale chuoni, kwa kuwa hajifanyi. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka kwamba Bartolomayo mwenyewe alipata kuniambia kuwa wakati huo alikuwa akiiba sukari ya jikoni.

Basi Sila akajifunza useremala huo, akaujua. Akanunua leso. Akajifunza kutua mahali bwana mwalimu anapotua, kuinua mkono anapoinua. Hata ulimi aliuiga. Bwana mwalimu, kama Wazungu wengi, anazungumza Kigogo kwa namna ya mtu mwenye kitu cha moto mdomoni, na wanafunzi kadhaa walikuwa wakisema vivyo hivyo wakihubiri, wakidhani ndiyo sauti ya neno la Mungu kwa lugha yetu. Mwanzo Sila alikuwa akiwacheka. Katika jaribio la mahubiri la mwaka wa pili alisimama akahubiri habari za kondoo mia kwa ulimi ule, akatoa leso mahali pake, akapewa alama za juu kuliko wote.

Wiki tatu baadaye mwaka mmoja na nusu ulitimia. Mavuno yalikuwa yamekwisha, Sila akaja nyumbani.

Watu walikusanyika mbele ya tembe letu alasiri. Walikuwa kama arobaini, wanaume kwenye magogo, wanawake chini kwenye ngozi. Upepo wa Juni ulikuwa unapeperusha vumbi. Baba akaketi mbele, fimbo mapajani.

"Haya," akasema. "Nimechunga. Sema."

Sila alikuwa amevaa koti. Akasimama, akajinyoosha, akaanza. Nami niliyekuwa nimeketi miguuni pa mama nikaona aibu kabla sijajua sababu. Ilikuwa lugha yetu lakini haikuwa kinywa chetu. Alitua mahali pa kutua, hakuna aliyeitika. Akaendelea bila kungoja, kwa sababu chuoni hawangoji. Kule alikuwa amezoea kwamba watu wakinyamaza, wameheshimu. Akatua tena. Kimya. Nilimtazama baba, midomo yake ilikuwa imefungwa kama mfuko.

Akafika kwa mchungaji anayeita gizani. Akatoa leso.

"Mwanangu," mama akasema kwa huruma, "una mafua?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja jirani akasema, "Ni baridi ya Kongwa hiyo, mpeni uji!" Wakacheka tena. Baba peke yake hakucheka. Aliinua fimbo wakanyamaza.

"Nina swali moja," akasema. "Huyo mchungaji wako, wale tisini na tisa aliwaachia nani?"

"Aliwaacha nyikani, baba."

"Nyikani! Na fisi je?"

"Habari haisemi."

"Habari haisemi. Basi aliyeileta habari hiyo hajapata kuchunga." Watu wakaguna. "Yeye namsamehe, ni mgeni. Lakini wewe umechunga. Zizi hili unajua limetoka wapi. Mtu akinisimulia hapa kwamba ameacha kondoo tisini na tisa nyikani, kisha analia kwa ajili ya mmoja, mimi nauliza, huyu ni nani aliyesimama mbele yangu? Mwanangu amekwenda wapi?"

Leso ilikuwa bado mkononi mwa Sila.

Baba akatazama ukuta, kisha akanitazama mimi. Nadhani aliona uso wangu. Akasema, "Tutakaa tena kesho kutwa. Mmoja tu akikuitikia inatosha. Asipokuwepo, wote wawili mtabaki hapa, na neno la chuo lisisemwe tena katika nyumba hii."

Kesho yake asubuhi Sila alinifuata malishoni, bado na koti lake. Tulikuwa na kondoo arobaini na kitu na mbuzi kadhaa. Tulitembea mpaka moshi wa garimoshi ukaonekana mashariki ndipo akasema.

"Utanisamehe, Yotham. Sina la kusema kesho."

"Sema yale yale, lakini bila leso."

Akacheka kidogo. Kisha akanieleza yote, karatasi ya bwana mwalimu, Bartolomayo, zile alama. "Mimi siamini tena wanaosema vizuri," akasema. "Na sasa najua kusema vizuri. Sasa nifanye nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilichotaka ni kusoma. Herufi alizonichorea mavumbini kabla hajaondoka nilikuwa nimezichora kila siku mpaka kondoo wamezoea kuzikanyaga. Nilimwambia hivyo.

Saa sita nilihesabu kundi, nikakuta jike mmoja mwenye sikio lililochanika hayupo.

Kaka yangu hakusema habari za wachungaji wala za vitabu. Alisema, "Kaa na hawa. Usiketi, usilale, usiwaache hata nikichelewa." Akavua koti akaliweka juu ya kichaka, akashika njia ya korongoni.

Kila nyumba kwetu ina mwito wake wa kuitia wanyama. Wetu baba aliupata kwa baba yake: mluzi mrefu, kisha sauti inayopanda mara mbili na kushuka. Sila alipanda juu ya kichuguu akaita. Mara ya kwanza sauti ilitoka nyembamba, akakohoa. Mara ya pili kondoo wote arobaini walionizunguka wakainua vichwa. Nikamsikia akiita huku akienda mbali, tena na tena, mpaka nikawa sisikii ila upepo. Nilisimama. Jua likageuka, miguu ikaniuma, sikuketi.

Alirudi alasiri amembeba jike mabegani, mikono imechanwa na miiba, anacheka peke yake.

"Alikuwa amenasa korongoni," akasema. "Na unajua, Yotham? Tangu nilipoondoka hapa sikuwawazia hawa wengine hata mara moja. Hata mara moja! Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwepo."

Akaketi palepale mavumbini, akatoa daftari katika koti, akaandika mpaka jua likawa jekundu. Nimeufungua ukurasa huo sasa. Una doa la damu ya miiba, na maneno haya: "Habari haisemi aliwaachia nani. Lakini mchungaji yeyote wa kwetu anajua. Siwezi kusema kama bwana mwalimu kwa sababu sijaona alichokiona yeye. Nitasema nilichokiona mimi, na nitangoja."

Siku ya kikao cha pili watu walikuja wengi zaidi, maana kicheko kilikuwa kimesambaa. Sila hakuvaa koti. Hakujinyoosha. Akasema kwa sauti ile anayoombea maji, "Jana tulikuwa malishoni mimi na Yotham, na yule jike mwenye sikio lililochanika akapotea."

Akatua. Akangoja.

Hakuna aliyeitika. Mtu mmoja akakohoa. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika tisa. Ukweli ni kwamba niliomba Mungu siku ile, kabla sijajua jina la kumwitia. Sila hakuendelea, wala hakuketi. Alimtazama baba tu, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe na nyumba ni yake.

"Ee," baba akasema.

Basi akasimulia. Korongo, miiba, mwito, namna alivyoogopa asimpate. Kila akitua baba aliitika. Akafika kwenye lile swali. "Juzi uliniuliza, baba, wale wengine aliwaachia nani. Sikujua. Jana nimejua. Aliwaachia ndugu yake. Mungu hamtumi mtu kutafuta aliyepotea ila amemweka mwingine asimame na kundi. Mimi natumwa. Nampa Yotham kundi. Na siku nikichoka yeye atatumwa, nami nitasimama."

Baba hakuitika upesi. Aliutazama mchanga. Kisha akasema, "Ee," na mama akasema, "Ee," na yule mzee wa uji naye, "Ee."

"Mtakwenda wote," baba akasema. "Fimbo zenu nitazitundika. Si za kuwangoja. Ni za kuwakumbuka."

Ndivyo nilivyofika chuoni.

Sila alifanya jambo moja zaidi, ambalo wengi wetu tusingethubutu. Wiki tuliyorudi alikwenda kwa bwana mwalimu akamwuliza waziwazi habari za karatasi na leso. Nilimngoja nje, nikidhani atafukuzwa. Alitoka macho mekundu.

Bwana mwalimu alikuwa amemwambia kwamba yule aliyepotea alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, aliyetoroka nyumbani kwao akafia nchi ya mbali, na kwamba yeye alimwita miaka mingi kwa barua. "Ninaandika," alisema, "kwa sababu Kiswahili changu huniangusha nikilia. Na kila mwaka nalia mahali palepale kwa sababu ndipo palipo."

Bartolomayo alipoambiwa alikaa kitako. "Kumbe miaka mitatu nimekuwa nikichekea msiba wa watu," akasema. Hakubadilika kuwa mtakatifu. Mwaka ule ule aliacha chuo akaenda kuwa karani wa stesheni ya Dodoma, na alimwambia Sila, "Dini yako nzuri, lakini garimoshi linafika kwa saa." Hata hivyo kila Jumapili ya mapumziko alitembea mpaka Kizota.

Katika jaribio la mwisho Sila alihubiri kwa njia yetu, akingoja kuitikiwa, na wanafunzi wote wakaitika mpaka wakaguzi wakashangaa. Walimpa alama za katikati, kwa kukosa utaratibu. Alifurahi nazo. Akapelekwa nyumbani afungue shule, akaijenga kwa mikono yake na wazazi wa watoto. Barua za boma zikaanza kusomwa Kizota kwenyewe, na Mbaruku alipokutana na baba sokoni alisema, "Afadhali, mzee Matonya, nilikuwa karibu kukutia matatani." Jumapili watu walijaa. Baba aliketi nyuma, karibu na mlango, akimwitikia mwanawe tangu mwanzo mpaka mwisho. Watu wakimwuliza atabatizwa lini, alisema, "Mimi sijaamini. Naitikia tu."

Mwezi wa Machi mwaka huu, Sila alikwenda kumwangalia mgonjwa kwenye kambi ya zamani ya misafara, akalala huko, papasi wa sakafuni wakamuuma. Siku ya sita ya homa alikuwa na fahamu kwa muda mfupi. Mama anasema alimwuliza, "Yotham yuko na watoto?" Mama akamjibu, "Yuko nao." Akasema, "Ee."

Mimi na Bartolomayo tulifika Kizota siku ya Jumatano. Walikuwa wamemzika kando ya shule, wakaweka miiba juu ya kaburi kwa sababu ya fisi. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili. Baba alikuwa amenyolewa, akaonekana mdogo.

Alhamisi asubuhi watu walikuja kaburini kwa ajili ya kumuaga, maana walikuwa wameningoja. Watoto wa shule walisimama kwa safu kama alivyowafundisha. Baba akanionyesha mahali pa kusimama.

Nikasema, "Ndugu yangu aliniambia nisimame na kundi."

Nikatua. Baba akasema, "Ee."

Nikasema habari zake, hizi nilizoziandika, kwa ufupi. Baba aliitikia kila kipande. Nilipofika mahali alipopanda kichuguu akaita, sauti yangu ilikatika, nikangoja, na baba hakuitika. Nilimtazama. Mdomo ulikuwa wazi lakini haukutoa kitu. Ndipo Bartolomayo, nyuma ya wazee, kofia mkononi, akaitika kwa niaba yake, "Ee." Akaja mbele akanipa leso yake. Hakuna aliyecheka. Akabaki kando ya baba akaitikia mpaka nilipomaliza.

Nikasema kwamba shule itafunguliwa Jumatatu na mimi nitakuwepo, maana bwana mwalimu alikuwa ameniruhusu kumaliza masomo yangu huku nikifundisha. Nikaomba. Watoto wakaimba. Tuliondoa miiba, tukapanga mawe, kila mtu jiwe moja, baba wa mwisho. Mama akamwaga maji juu ya mawe. Baba akasimika fimbo ya Sila ya kuchungia upande wa kichwa, akaikandamiza kwa mguu mpaka ikasimama. Kisha tukanawa mikono, tukarudi nyumbani.